Losheni ya Ndoo Inakaa, ya Pipa Inajitenga: Modeli za Emalsheni Zinatuambia Nini

Chupa ya losheni ikikaa dukani mwezi mmoja kisha ikaonyesha maji chini na mafuta juu, hukumu ya mtaani hutoka haraka: imechakachuliwa. Ukipita kwenye mabanda ya wajasiriamali Nzuguni, Dodoma, wakati wa Nanenane, utaisikia hukumu hiyo kwa wateja, na kwa mtengenezaji utasikia utetezi ule ule wa siku zote. Malighafi hazijabadilika, vipimo ni vile vile, ila safari hii alitengeneza pipa zima badala ya ndoo. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Mteja ameona kitu kilichoharibika, na mtengenezaji hakumdanganya mtu. Kilichotokea katikati kina hesabu yake, na hesabu hiyo ndiyo viwanda vikubwa huifanya kabla ya kuwasha mashine. Huitwa modeli ya emalsheni. Inaogopwa bila sababu, kwa hiyo tuifungue taratibu.

Emalsheni ni vimiminika viwili visivyoyeyukiana, kimoja kikiwa kimegawanyika kuwa matone madogo mno ndani ya kingine. Maziwa ni matone ya mafuta ndani ya maji. Siagi ni kinyume chake, matone ya maji ndani ya mafuta. Mayonaizi ni emalsheni, losheni nyingi ni emalsheni, na mkulima wa zabibu anayemimina kiuatilifu cha mafuta kwenye bomba la kupulizia na kuona maji yakigeuka meupe kama maziwa, ameitengeneza emalsheni pale pale shambani. Weupe huo si rangi iliyotiwa. Mafuta yenyewe yanapitisha mwanga na maji yanapitisha mwanga, ila matone yakiwa mengi na madogo, mwanga unagonga huku na kule na kurudi machoni ukiwa mweupe. Losheni ya mafuta ya ubuyu ikitoka nyeupe kuliko mafuta yenyewe, hakuna aliyeweka kemikali ya kuifanya nyeupe.

Maneno matatu yatatosha kwa safari yetu. La kwanza ni tone, ambalo tutalipima kwa maikromita. Maikromita 1,000 ni milimita moja, na unywele wa mtu una unene wa maikromita 70 hivi. La pili ni mvutano wa mpakani, yaani nguvu inayofanya mafuta na maji yapendelee kugusana kidogo iwezekanavyo. Ndiyo inayolifanya tone liwe duara na inayolizuia lisipasuke. La tatu ni emalsifaya, kitu chenye upande mmoja unaopenda maji na mwingine unaopenda mafuta, hivyo hukaa mpakani na kuulegeza mvutano huo. Kiini cha yai kina emalsifaya iitwayo lesithini. Soya inayo, na alizeti inayo pia.

Sasa tuangalie kwa karibu losheni inavyotengenezwa kwenye vikundi vingi vya akina mama. Sufuria mbili ziko jikoni. Moja ina maji, nyingine ina mafuta ya alizeti au ya ubuyu pamoja na nta ya nyuki na emalsifaya. Zote zinapashwa moto mpaka nyuzi 70 hivi, nta inayeyuka kabisa, kisha ya mafuta inamiminwa kwenye ya maji huku mashine ya kukorogea ikizunguka. Katika sekunde za mwanzo unaona michirizi ya njano ikizunguka na pangaboi. Halafu michirizi inapotea, rangi inakuwa ya maziwa mepesi, na kadiri inavyopoa mchanganyiko unakuwa mzito na kuanza kuacha alama ya pangaboi nyuma yake. Kila hatua hapo ina sababu. Moto haupo kwa ajili ya nta tu. Tone la mafuta likiwa zito sana kuliko kimiminika kinacholizunguka, karibu mara nne au zaidi kwa mnato (yaani ugumu wa kimiminika kutiririka), mkorogo wa kuteleza tu, ambapo tabaka za kimiminika zinapitana, hauwezi kulipasua: tone linajizungusha mahali pake, basi. Ndiyo maana anayeanza kukoroga nta ikiwa imeshapoa anachoka bure, hata akikoroga saa nzima.

Kwa nini ukubwa wa tone una uzito kiasi hiki? Mwaka 1851 mwanahisabati George Stokes alionyesha kwamba kasi ya kitu kidogo kupanda au kuzama kwenye kimiminika inategemea mraba wa upana wake. Tukiweka tarakimu, mafuta ya alizeti ni mepesi kuliko maji kwa karibu asilimia 8. Tone lake lenye upana wa maikromita 10 ndani ya maji matupu hupanda kama sentimita moja na nusu kwa saa. Kwenye chupa yenye kimo cha sentimita 10, safari ya kutoka chini mpaka juu ni saa sita na nusu hivi. Tone la maikromita 1 safari hiyo hiyo litaimaliza kwa siku 26. Upana umepungua mara kumi, muda umeongezeka mara mia.

Hapo hapo kuna msaada wa pili, mnato. Kimiminika cha nje kikiwa kizito mara 1,000 kuliko maji, lile tone la maikromita 10 linahitaji miezi tisa hivi kufika juu. Losheni nyingi zinazotengenezwa kwa mikono zinaishi kwa msaada huo. Mashine ya mkono hutoa matone ya makumi ya maikromita, makubwa tu, na kinachoyazuia yasipande ni uzito unaotokana na nta na viongeza mnato. Chupa hiyo ukiianika juani kwenye meza ya biashara pale Majengo, mnato unashuka, nta inalegea, na matone yanapata njia. Kwa hiyo chupa iliyojitenga juani na ya ndugu yake iliyokaa kivulini bila tatizo zinaweza kuwa za pipa moja, siku moja, na mikono ile ile.

Mpaka hapa mtu atasema jibu ni rahisi: koroga zaidi. Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu fedha nyingi kuliko zote, na ninatamani kila mwenye karakana ndogo aielewe. Mwanahisabati Andrey Kolmogorov mwaka 1949 na mtafiti J. O. Hinze mwaka 1955 walionyesha jinsi tone kubwa kabisa linaloweza kusalimika kwenye msukosuko linavyotegemea mambo mawili: nguvu inayotumika kwa kila kilo ya mchanganyiko, na mvutano wa mpakani. Kwa kanuni yao, ukiongeza nguvu ya mashine maradufu, tone linapungua kwa karibu robo tu. Ukitaka tone liwe nusu ya lilivyokuwa, unahitaji nguvu mara tano na nusu na zaidi. Linganisha na upande wa emalsifaya. Emalsifaya nzuri inaweza kuushusha mvutano wa mpakani mara tano, na matokeo yake kwenye ukubwa wa tone ni sawa na kuongeza nguvu ya mashine mara kumi na moja. Kwa anayenunua umeme wa luku, tofauti kati ya kuongeza moti na kuchagua emalsifaya ni tofauti ya maisha ya biashara.

Ila emalsifaya nayo ina deni lake. Chukua lita moja ya mafuta uigawe iwe matone ya maikromita 1. Jumla ya ngozi za matone hayo yote ni mita za mraba 6,000, karibu ekari moja na nusu, kutoka lita moja. Eneo lote hilo linatakiwa kufunikwa. Protini ya maziwa au ya yai hufunika kwa kadirio la miligramu 2 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo unahitaji gramu 12 hivi zikae mpakani tu, mbali na zinazobaki zikielea. Matone yakiwa ya maikromita 10, gramu moja na kidogo inatosha. Anayenunua mashine kali ya kusaga matone bila kuongeza emalsifaya anazalisha matone madogo yasiyo na ulinzi, na matone uchi yakigongana yanaungana. Baada ya muda mfupi amerudi alikoanzia, umeme ameshaulipia.

Aina ya emalsifaya ndiyo inayoamua nani awe nje na nani awe ndani. Mwaka 1913 mkemia Wilder Bancroft alieleza kwamba kimiminika ambacho emalsifaya inayeyuka vizuri zaidi ndani yake ndicho kinachokuwa cha nje. Mwaka 1949 William Griffin akaipa tabia hiyo namba, ambayo wauzaji wa malighafi huiandika kwenye vifungashio kwa herufi HLB, yaani uwiano kati ya kupenda maji na kupenda mafuta. Kati ya 3 na 6 inafaa maji ndani ya mafuta, kati ya 8 na 18 inafaa mafuta ndani ya maji. Ukitaka kujua losheni yako iko upande gani, chukua kidogo kwa ncha ya kijiti uitie kwenye glasi ya maji. Ikitawanyika na kuyafanya maji meupe, maji ndiyo yako nje. Ikibaki donge linaloelea, mafuta ndiyo yako nje.

Turudi kwenye pipa, maana hapo ndipo kilio kilipo.

Tuseme umezoea ndoo ya lita 5, mashine yako inazunguka mara 1,500 kwa dakika na inatumia wati 50. Soko limekubali, sasa unataka pipa la lita 200. Ujazo umeongezeka mara 40. Ukitengeneza pipa na pangaboi vyenye umbo lile lile la ndoo ila vikubwa zaidi, upana wa kila kitu unaongezeka mara 3.4 hivi. Swali linaonekana dogo: pangaboi lizunguke kwa kasi gani?

Jibu la kwanza linalomjia kila mtu ni ile ile 1,500. Lakini umeme unaoliwa na pangaboi kwenye msukosuko hupanda kwa kipeo cha tano cha upana wake. Moti ya wati 50 itatakiwa kuwa ya kilowati 23. Hakuna karakana ndogo yenye moti hiyo, na hata ingekuwepo, ingeipasha losheni moto na kuijaza mapovu. Jibu la pili ni kulinda nguvu kwa kila lita: basi pangaboi lizunguke kama mara 660 kwa dakika, kwa moti ya kilowati 2. Jibu la tatu ni kulinda kasi ya ncha ya pangaboi: mizunguko 440 kwa dakika, wati 585 tu, lakini kila lita sasa inapata chini ya theluthi moja ya nguvu iliyokuwa ikipata kwenye ndoo. Mapishi ni yale yale, na kuna majibu matatu yanayopishana kupita kiasi. Hakuna lililo sahihi kwa kila bidhaa. Losheni inayotegemea matone madogo inataka la pili. Bidhaa ambayo matone yake ni rahisi kupasuka na inaharibika ikipigwa sana inaweza kuridhika na la tatu.

Na wengi hawafanyi lolote kati ya hayo. Wanachukua mashine ile ile ya wati 50 na kuizamisha kwenye pipa. Nguvu kwa kila lita imeshuka mara 40. Kwa kanuni ya Kolmogorov na Hinze, matone kwa wastani yanakuwa mapana mara nne na kidogo. Kwa kanuni ya Stokes, upana ukiongezeka mara nne na kidogo, kasi ya kupanda inaongezeka mara 19. Losheni ambayo kwenye ndoo ingekaa miezi sita bila kujitenga, kwenye pipa inaanza kujitenga baada ya siku kumi hivi. Hakuna aliyechakachua. Ni makadirio ya kalamu na karatasi, na tayari yamemtetea mtengenezaji na kumwonyesha mahali pa kurekebisha.

Makadirio hayo yana kasoro moja ambayo lazima isemwe. Yanachukulia kwamba kila sehemu ya pipa inapata wastani ule ule wa nguvu, na sivyo ilivyo. Karibu na pangaboi kuna msukosuko mkali, pembeni na chini kimiminika kinazunguka polepole, na kwenye kona huenda kimesimama kabisa. Tone moja linaweza kupita kwenye pangaboi mara nyingi, jingine likapita mara moja. Hapa ndipo modeli ya pili inapoingia, na kuielewa hakuhitaji hisabati ngumu kwa Mtanzania yeyote aliyehesabiwa usiku wa kuamkia Agosti 23 mwaka 2022.

Sensa ile ilitupa idadi ya watu 61,741,120. Lakini Ofisi ya Taifa ya Takwimu, yenye makao makuu hapa Dodoma, haiishii kwenye jumla. Inataka kujua wangapi wako katika kila kundi la umri, wangapi wanazaliwa, wangapi wanafariki, wangapi wanahama, kisha inakadiria nchi itakuwaje miaka ijayo. Modeli ya idadi ya matone inafanya kazi hiyo hiyo. Matone yanagawanywa katika makundi ya ukubwa. Tone kubwa likipasuka, limefariki kwenye kundi lake na wamezaliwa wawili au zaidi kwenye makundi madogo. Matone mawili yakigongana na kuungana, wamefariki wawili na amezaliwa mmoja mkubwa. Yakibebwa na mkondo kutoka upande mmoja wa pipa kwenda mwingine, hiyo ni kuhama. Kompyuta inapiga hesabu ya vizazi, vifo na uhamiaji kila sehemu ya sekunde, na mwisho inatoa mchoro unaoonyesha kuna matone kiasi gani ya kila ukubwa baada ya dakika 5, 10 au 20.

Uzuri wa modeli hii ni kwamba inaonyesha mahali ambapo kuendelea kukoroga hakuna faida tena. Kasi ya kupasuka na kasi ya kuungana huja kulingana, na idadi inatulia. Ukiendelea baada ya hapo unaongeza joto na hewa tu, na matone hayapungui tena ukubwa. Watu wanaoamini kwamba losheni iliyokorogwa saa mbili ni bora kuliko iliyokorogwa dakika ishirini wangeona mstari ukilala chali kwenye mchoro.

Ili modeli ya matone ijue nguvu iko wapi ndani ya pipa, viwanda huiunganisha na modeli ya tatu, ile ya mtiririko. Pipa linagawanywa kwenye kompyuta kuwa vijumba vidogo, maelfu hadi mamilioni, na kila kimoja kinahesabiwa kasi, mgandamizo na msukosuko wake. Hii ndiyo inayotoa zile picha za rangi nyekundu na bluu zinazowafanya watu wadhani modeli zote ni akili mnemba. Ni sheria za mwendo wa vimiminika zilizojulikana tangu karne ya 19, zikihesabiwa na mashine isiyochoka. Programu ya OpenFOAM, iliyotolewa bure kwa umma mwaka 2004, inaweza kufanya kazi hii kwenye kompyuta ya kawaida kwa pipa dogo. Mwanafunzi wa uhandisi aliye tayari kujifunza anaweza kuiendesha, na ningependa sana kuona vyuo vyetu hapa Dodoma vikiwapa wanafunzi mapipa ya vikundi vya akina mama yawe mradi wao wa mwaka wa mwisho. Hawatakosa data, na vikundi havitakosa msaada.

Modeli hata hivyo hula kile inacholishwa, na huku kwetu kati kuna mambo matatu ambayo mapishi yaliyoandikwa kwingine hayayajui. La kwanza ni maji. Maji ya visima vingi vya mikoa ya kati yana chumvichumvi, na yakiwa na kalsiamu na magnesiamu nyingi, emalsifaya ya jamii ya sabuni inashikwa na madini hayo na kugeuka utando usio na kazi, ule ule unaouona kwenye beseni la kufulia. Umeweka gramu 12, zimefanya kazi chache. La pili ni mafuta. Alizeti inayokamuliwa kwenye mashine ndogo za Singida na Kongwa huja ghafi, ikiwa bado na lesithini yake, na kwenye baridi ya Juni na Julai nta yake ya asili huyafanya mafuta kuwa na ukungu. Mafuta yaliyosafishwa kiwandani yameondolewa vyote viwili. Ukibadilisha muuzaji wa mafuta, umebadilisha mvutano wa mpakani bila kujua, na hakuna mashine itakayokwambia. La tatu ni joto la dukani, ambalo tumeshaligusa.

Kuna wanaodhani modeli inaondoa majaribio. Haiondoi. Inapunguza idadi yake na inakwambia uanzie wapi. Namba za kasi ya kuungana kwa matone hazipatikani kwa kufikiri tu. Lazima mtu achukue sampuli, apime ukubwa wa matone, kisha airekebishe modeli ifanane na ukweli. Kwenye viwanda wanatumia mashine za miale ya leza. Kwa karakana ndogo, hadubini ya shule ya sekondari yenye ukuzaji wa mara 400 inaonyesha matone ya maikromita chache bila shida, na picha ya simu iliyopigwa kupitia jicho la hadubini inatosha kulinganisha ya ndoo na ya pipa.

Mwenye pipa anayetaka kwenda SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, au chuoni kuomba msaada wa hesabu hii, aende na vipimo vyake mkononi: upana wa pipa na kimo cha mchanganyiko ndani yake, upana wa pangaboi na mizunguko yake kwa dakika, wati za moti, nyuzi joto wakati wa kumimina na wakati wa kuzima mashine, dakika alizokoroga, na chupa mbili za sampuli, moja ya ndoo iliyokaa vizuri na moja ya pipa iliyojitenga, kila moja ikiwa na tarehe ya kutengenezwa. Aongeze na lita moja ya maji ya kisima anachotumia, kwa sababu hilo ndilo swali ambalo mhandisi ataliuliza kabla ya kufungua kompyuta.